Sorcerer wa pointi: mfuko mmoja au miwili?

Katika kanuni za 2014 za mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons, Sorcerer (mchawi wa kuzaliwa) wa leveli 9 anajua uchawi 10 basi. Wizard (mchawi msomi) wa leveli hiyo mwenye akili ya +4 anaandaa 13, na akishapumzika anabadilisha orodha apendavyo. Ndiyo maana meza nyingi hujitungia Sorcerer wa pointi: sloti, yaani nafasi za kupiga uchawi hadi pumziko refu lijalo, zinafutwa, kila uchawi unalipiwa kwa pointi, na pointi hizo zinachanganywa katika mfuko mmoja na zile za Metamagic, uwezo wa Sorcerer wa kubadilisha namna uchawi unavyofanya kazi.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito. Dungeon Master's Guide ya 2014, kitabu cha msimamizi wa mchezo, tayari ina jedwali la bei (leveli ni ya mhusika, ngazi ni ya uchawi): ngazi ya 1 ni pointi 2, ya 2 ni 3, ya 3 ni 5, ya 4 ni 6, ya 5 ni 7. Sorcerer wa kawaida akinunua sloti kwa pointi zake za Metamagic analipa bei hizohizo. Sasa mifuko miwili ya nini?

Ya ushuru. Ukivunja sloti ya ngazi ya 1 iwe pointi za Metamagic unapata 1, ila kuinunua tena ni 2, na kila ubadilishaji unakula tendo la ziada. Mfuko mmoja unafuta yote hayo. Kwenye leveli 5 athari ni ndogo: sloti zina thamani ya pointi 27, jumlisha 5 za Metamagic unapata 32, yaani Fireball, uchawi wa ngazi ya 3, mara 6. Mwenye sloti akivunja kila alichonacho anafika 5. Hapo sioni cha kugombania.

Leveli 9 ndipo mizani inapolala. Pointi 57 na 9 ni 66: uchawi wa ngazi ya 5 mara tisa, wakati mwenye sloti anapiga mara moja, mbili akitoa pointi 7 za Metamagic, au sita akivunja kila alichonacho. Kitabu chenyewe kinabana kuanzia ngazi ya 6 tu, kila ngazi mara moja kwa pumziko refu. Ngazi za 1 hadi 5 zimeachwa wazi.

Wengine watasema siku ndefu itamaliza tatizo, maana kitabu kinakadiria mapambano 6 hadi 8 kabla ya pumziko refu. Kwenye karatasi, sawa. Meza ngapi hufikisha hata manne? Penye pambano moja kisha usingizi, hakuna sababu ya kubana matumizi.

Mimi ningeacha mfuko mmoja, niweke vizuizi viwili. Kwanza, ngazi mbili za juu kabisa zisipigwe zaidi ya idadi ya sloti za kawaida jumlisha moja. Leveli 9: ngazi ya 5 mara 2, ya 4 mara 4, zinabaki pointi 28 za kutumia chini. Pili, Metamagic isile pointi zaidi ya leveli ya mhusika kwa pumziko refu. Bila hicho, Fireball yenye Quickened (Metamagic ya pointi 2 inayopiga uchawi kwa tendo la ziada) ni pointi 7, na kwa 66 inapigwa mara tisa, kila raundi ikifuatwa na Fire Bolt, uchawi usiolipiwa.

Kinachosahaulika ni Shield, uchawi wa ngazi ya 1 wa kujikinga. Kwa pointi 2 inaongeza ulinzi kwa 5, na 28 zilizobaki zinatosha Shield 14. Ningeipandisha hadi 3 kuanzia leveli 9, mchezaji anune akitaka.