Komisheni ya ajenti: tunabishania asilimia, hasara iko kwingine

Sema tu hapa Nairobi kwamba unauza nyumba uone, ushauri wa kwanza utakaopewa ni usimpe broka hata shilingi, na kama ni lazima basi mbane hadi afike asilimia moja. Nimeusikia kwa majirani, kwa wajomba, hadi nje ya kanisa baada ya misa. Wanaosema hivyo wana sababu zao na nitazitaja, lakini mimi naona ajenti wa nyumba katika mji huu anaonewa sana, na muuzaji anayemwonea anatoa pesa kwa mlango mwingine bila kujua.

Sababu za muuzaji ziko wazi. Asilimia 3 ndiyo watu wamezoea kutaja, na kwa nyumba ya milioni 12 hiyo ni 360,000, na kama ajenti amesajiliwa VAT ongeza asilimia 16 ya hiyo komisheni inakuwa 417,600 (uliza kuhusu VAT kabla hujaweka sahihi, watu wengi wanaijua siku ya kulipa). Hiyo ni karo ya mtoto ya muda mrefu. Tena nyumba ya milioni 40 haihitaji kazi mara tatu ya nyumba ya milioni 12, ila komisheni inapanda tu na bei. Na wapo mabroka ambao kazi yao ni kupiga picha tano wazitupe kwenye grupu za WhatsApp halafu wakae wangoje, wengine wanakula kwako na kwa mnunuzi na hakuna kati yenu anayejua. Sheria ya maajenti iko tangu 1984 na inataka mtu awe amesajiliwa na bodi, lakini nenda mtaani uhesabu wangapi wamesajiliwa. Kwa hivyo kubishania komisheni ni haki ya mwenye nyumba, sina neno hapo.

Sasa mwangalie huyo ajenti anayefanya kazi kweli. Analeta watu kumi kuona nyumba, Jumamosi na Jumapili, mafuta ni yake na airtime ni yake, na kati ya hao kumi labda mmoja ndiye ana pesa, wengine wanatembea tu kuona nyumba za watu. Anakimbizana na rates za kaunti, ule ushuru wa ardhi, kama zina deni, sachi ya hati kwenye Ardhisasa, mtandao wa wizara ya ardhi, ikigoma anangoja, miezi inapita na hana mshahara. Halafu yule mmoja mwenye pesa anarudi usiku peke yake kugonga geti, mzee, huyu kijana wa nini, tumalizane sisi wawili. Na wenye nyumba wengi wanakubali! Maajenti wanaita kurukwa. Ukikaa na ajenti akufungulie roho, kinachomuuma zaidi ni hicho, kuliko hata asilimia. Ile 3 anayokutajia ina woga ndani yake, nyumba moja aliyolipwa lazima ibebe zile alizorukwa.

Mwaka juzi tulikuwa tunauza nyumba ya mzee wetu huko Buruburu, mezoneti, na tukafanya kile kila mtu anafanya, tukawaambia mabroka sisi tunataka 12 mkononi, chochote utakachoweka juu ni chako. Tulidhani tumekwepa komisheni. Ndani ya wiki mbili nyumba ile ile, geti lile lile la kijani, ilikuwa Facebook kwa milioni 12.8, kwingine 13.5, kwingine 14. Mama mmoja aliyekuja kuiona na mumewe alitutolea simu akatuonyesha bei tatu akauliza ni ipi ya kweli na nani hasa ndiye mwenye nyumba, na hatukumwona tena, na simlaumu maana na utapeli wa mashamba tunaoujua hata mimi ningekimbia. Miezi minne ikaisha hivyo. Na tena bei inayoandikwa kwenye agrimenti ya mauzo ndiyo KRA, watu wa ushuru, wanaiangalia, kwa hivyo broka akipandisha hadi 13 na wewe umechukua 12, kwenye karatasi wewe umeuza 13. Mzee alikuwa akiishi mle mwenyewe miaka yote kwa hivyo ushuru wa faida haukumgusa, lakini mwenye nyumba ya kupangisha analipa asilimia 15 ya faida tangu 2023, na komisheni iliyolipwa kwa risiti inatolewa kwanza kabla ya kupiga hesabu. Risiti ya komisheni ya 360,000 inakupunguzia ushuru 54,000. Ile ya juu anayojichukulia broka haina risiti.

Lakini kuna hesabu moja ambayo inaninyima usingizi kuliko zote. Chukua ile nyumba ya milioni 12, mnunuzi aje na 11.5. Wewe umepoteza nusu milioni. Ajenti wa asilimia 3 amepoteza 15,000 tu, na ukishambana hadi asilimia 2 amepoteza 10,000. Sasa kwa 10,000 nani atangoja mwezi mwingine akutafutie mnunuzi bora? Atakwambia mzee chukua, soko ni baya. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, waliandika utafiti wao 2008 wakiangalia nyumba zilizouzwa eneo la Chicago, wakakuta maajenti wakiuza nyumba zao wenyewe wanapata bei ya juu kwa kama asilimia 3.7 na wanaziacha sokoni siku 9.5 zaidi kuliko nyumba za wateja. Chicago si Buruburu, najua, ila weka hiyo 3.7 kwenye milioni 12 uone, ni 444,000! Ni zaidi ya komisheni nzima, na sisi tumeshinda hapa tunapigania kumpunguzia mtu 120,000. Na hao maajenti wa Chicago sioni kama ni watu wabaya, wanalipwa kwa namna inayowafanya wapende haraka kuliko bei.

Kwa hivyo ukibishana, bishana juu ya hapo. Sema asilimia 2.5 hadi bei ifike 11.5, na kila shilingi ya juu yake ajenti achukue asilimia 10. Ikiuzwa 12 anapata 337,500, chini ya zile 360,000, ikiuzwa 12.5 anapata 387,500 na wewe umebaki na zaidi ya milioni 12.1, na nusu milioni ikianguka sasa inamuuma yeye 50,000. Hatari yake ni ajenti akwambie nyumba ni ya milioni 10 ili mstari wa ile asilimia 10 uanzie chini, kwa hiyo lipa kwanza valuer aliyesajiliwa, yaani mthamini wa nyumba, akupe bei, ndipo mkae mezani.

Sisi mwishowe tulimpata dada mmoja ajenti, tukamwomba apunguze, akamwangalia mzee akasema, "Baba, kupunguza sikatai, mimi nataka tu nijue nitalipwa." Tukaandika kwa wakili: asilimia 2.5, siku sitini nyumba ni yake peke yake, tangazo moja na bei moja, mnunuzi aliyemleta akirudi hata baada ya hizo siku bado ni wake, na komisheni inatoka kwa wakili moja kwa moja pesa ya mwisho ikiingia. Alitaka nusu ya komisheni wakati mnunuzi anaweka depositi ya asilimia 10 na hapo tukavutana siku tatu nzima, kwa sababu zile siku 90 za kumaliza mauzo zinaweza kurefuka na yeye ana kodi ya nyumba ya kulipa. Tukampa robo kwenye depositi, iliyobaki ikangoja pesa ya mwisho. Mzee alisaini wa kwanza.