Mai-Kai imefunguliwa tena, na giza lake bado lipo

Nikiingia kwenye jengo lolote lenye makuti, macho hupanda juu kabla miguu haijatulia. Marehemu baba alikuwa fundi wa kuezeka kule Ukunda, pwani ya Kenya, na mahoteli ya Diani ndiyo yaliyotulisha. Basi wenzangu walionialika Mai-Kai, hapa Fort Lauderdale, Florida, walinikuta nimesimama shingo juu nikitafuta mahali ambapo ukale unakutana na upya. Fundi mzuri huchomeka kuti jipya katikati ya makuukuu usijue lipi ni lipi. Fundi mbovu huacha kiraka kinachokukodolea macho.

Kiraka sikukiona. Hapo hapo nikaanza kuwapenda wamiliki wapya.

Kwa wasioijua, Mai-Kai ni mkahawa wa tiki, yaani Polynesia, visiwa vya Pasifiki, kama Wamarekani walivyoiota: vinyago, mianzi, taa za rangi, maporomoko ya maji bustanini na ramu nyingi. Ndugu wawili kutoka Chicago, Bob na Jack Thornton, waliufungua tarehe 28 Desemba 1956. Jina linatokana na neno la Kihawaii lenye maana ya “nzuri”. Oktoba 2020 mvua kubwa ililetea jikoni maafa, milango ikafungwa. Mwaka 2021 familia iliingia ubia na wawekezaji wapya, yenyewe ikabakiza hisa zake, na wageni wakarudi Novemba 2024.

Niliposikia “wawekezaji” niliogopa. Mashabiki wa tiki wana kidonda chao kiitwacho Kahiki, mkahawa wa Columbus, Ohio, uliojengwa 1961 kwa paa lililochongoka kama jahazi lililopinduliwa. Mwaka 1997 uliingizwa kwenye rejista ya taifa ya majengo ya kihistoria. Mwaka 2000 ukabomolewa, pakajengwa duka la dawa. Rejista haizuii tingatinga. Mai-Kai nayo imo kwenye rejista hiyo tangu 2014, kwa hiyo hofu yangu haikuwa ya bure.

Na hofu yangu ya pili ilikuwa taa. Mwenye pesa akinunua mahali pa zamani, kitu cha kwanza anachoongeza ni mwangaza, watu wapate kupiga picha. Hapa giza wameliacha. Kwenye baa ya Molokai maji bado yanateremka kwenye vioo vya madirisha, mvua ya bandia isiyokatika, na ukikaa nusu saa unasahau kwamba nje kuna barabara ya US 1 na magari yake. Giza hilo ndilo lililonunuliwa. Viti unaweza kubadilisha vyote.

Haya mambo yalianzia Hollywood ya California, pombe ilipohalalishwa tena Marekani 1933 na bwana mmoja akijiita Don the Beachcomber akaanza kuchanganya ramu za Karibea chini ya mapambo ya Bahari ya Kusini. Mapishi yake aliyaficha kwa majina ya siri hata wahudumu wake wasijue wanachomimina, kama mpishi wa pilau ya harusi anayesaga viungo vyake usiku peke yake. Lakini nyuma ya kaunta za tiki walisimama Wafilipino wengi, na mmoja wao, Mariano Licudine, aliyefanya kazi kwenye tawi la Don la Chicago, ndiye akina Thornton waliyemleta Florida. Vinywaji vya Mai-Kai vimetoka mikononi mwake. Mimi nilikunywa kimoja tu nikaona kinatosha, ila funda la kwanza lilinirudisha nyumbani: karafuu! Vinywaji vingi vya tiki hutiwa falernum, sharubati ya Barbados yenye ndimu, tangawizi na karafuu. Mzungu mezani alisema ni ladha ya Tahiti. Nikanyamaza.

Sasa ngoma. Hapa nilikaa kwa mashaka, maana nimekulia jirani na biashara hii. Diani, wageni wakimaliza kula, wachezaji huingia. Binamu yangu, Mdigo wa kuzaliwa, aliruka miaka minne akiitwa Mmasai. Najua tabasamu la mtu anayehesabu nauli ya matatu kichwani huku akipiga makofi.

Onyesho la Mai-Kai linaendelea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa miongo mingi limekuwa mikononi mwa Mireille Thornton, mwanamke wa Tahiti aliyekuja kama mchezaji, akaolewa na Bob, akawa ndiye mtunzi wa miondoko. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa. Nyonga zinafuata ngoma kwa adabu, na kijana wa visu vya moto vya Kisamoa alinifanya nisahau uma mkononi. Sisemi kwamba kila kitu ni halali. Kunywea ramu kwenye kikombe chenye sura ya mungu wa watu bado kunanikwaza, na mtindo wote wa tiki haujatoa jibu la maana kuhusu hilo. Lakini uongo uliotunzwa kwa karibu miaka 70, na watu wakazeeka ndani yake wakiufanyia kazi kwa bidii, siwezi tena kuuita uongo mtupu.

Kuna jambo lingine. Mapambo ya tiki hayakosi mtumbwi wenye matengo, yale magogo ya pembeni ya kuuzuia usipinduke, na mimi nikiuona naona ngalawa. Wataalamu wanasema matengo yetu yaliletwa na mabaharia wa jamii moja na hao waliofika Polynesia, wakipitia upande wa Madagaska. Kumbe kati ya wote mezani pale, mwenye ujamaa na chombo kile huenda nilikuwa mimi.

Usiku nilimtumia kaka picha za makuti, nikamweleza pia kwamba Waseminole, wenyeji wa hapa Florida, wana vibanda vyao viitwavyo chickee, nguzo za miti na paa la makuti ya mitende ya kwao, wanavyovijenga hadi leo. Akajibu baada ya dakika mbili: “Sasa kama wenyeji wana makuti yao, hao matajiri walikwenda kutafuta nini Tahiti?”