Anga la Malindi, Darubini ya Manchester

Hapa Manchester usiku wa kutazama nyota kwa darubini umeahirishwa tena kwa sababu ya mawingu. Na ikiingia Juni, hata mawingu yakiondoka, giza lenyewe halikamiliki usiku kucha. Hata hivyo watoto huja na wazazi wao, na mtafiti wa kosmolojia, elimu ya chanzo na umbo la ulimwengu mzima, hukaa nao akijibu kila swali. Inaniuma, maana Malindi tuna anga ambalo watu hawa wangelilipia nauli. Nasema shule zetu zipate darubini.

Ndugu zangu, msianze na "huyu kashakuwa Mzungu". Sijasema wametuzidi akili. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco baharini pale Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo iliyofichua gesi yenye joto kali iliyojaa ndani ya makundi ya galaksi (galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota), na hadi leo wanakosmolojia hupima uzito wa makundi hayo kwa gesi hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alipata Nobel mwaka 2002. Watoto wangapi wa Mambrui wameambiwa haya darasani?

Mtasema darubini ni ghali. Ghali ni kununua isiyofaa. Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo achaneni na stendi ya kiikweta, ile inayofuata nyota kwa mhimili uliolazwa sambamba na mhimili wa Dunia: mhimili huo italazimu ulale karibu sawa na ardhi, nyingi hazishuki hivyo, na Nyota ya Kaskazini ya kuulengea iko chini ya upeo wa macho. Chukueni darubini ya aina ya Dobson yenye kioo cha kipenyo cha milimita 150, inayozungushwa kwa mkono juu ya kitako cha mbao ambacho fundi seremala wa hapo anakimudu. Urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana, ukiwa milimita 1200, lenzi ya jicho ya milimita 25 inakuza mara 48, na miezi minne mikubwa ya Mshtarii inaonekana wazi. Adui ni chumvi, inakula utando wa alumini wa kioo. Ifunikeni, muitilie pakiti za kukausha unyevu, na kioo kisifutwe kwa kitambaa, kitachubuka. Kisuuzwe kwa maji yaliyokenekwa.

"Nyota zitaleta ugali?" Jamani! Kosmolojia ya leo ni hesabu na data. Kijana mwenye fizikia, laptopu na Python, lugha ya kuandikia programu, anapakua bure ramani za anga za setilaiti ya Planck, zilezile zilizotoa umri wa ulimwengu wa miaka bilioni 13.8, na makala za kisayansi za hifadhi ya mtandaoni ya arXiv hazilipiwi. Akishajua kuchambua data hiyo, hata benki itamtaka.

Darubini moja kwa shule kadhaa inatosha kuanzia, mradi isifungiwe stoo ikisubiri mgeni rasmi. Apewe mwalimu mmoja aliyefunzwa, aitoe uwanjani siku zisizo na mwezi. Kwetu, mwaka mzima, saa mbili usiku giza limeshatimia.