Eti kabla ya 1900 hakukuwa na tarehe?

Jamani hizi programu za lahajedwali (spreadsheet) zitaniua na presha. Nimekaa naingiza tarehe za matukio ya kihistoria, naandika 14/7/1789, siku gereza la Bastille lilipovamiwa kwenye mapinduzi ya Ufaransa, naona kitu kimejibana kushoto mwa seli kama maandishi ya kawaida, wakati ya 1950 imekaa zake kulia kama tarehe yenye akili timamu. Kumbe kwa hii ninayotumia siku namba 1 ya dunia ni 1 Januari 1900, yaliyotokea kabla ya hapo ni hadithi tu. Halafu ukisoti ndo utalia, 1789 inatupwa chini ya 1950 kwa sababu tarehe inayokubalika kwake ni namba, na namba zinatangulia maandishi. Nikajifanya mjanja nikaandika 14/7/89 ikanigeuzia kuwa 1989, yaani mapinduzi yamesogezwa miaka 200 mbele na hakuna hata onyo!

Na kinachoniudhi zaidi, hii hii inayokataa 1789 inakubali 29 Februari 1900, siku ambayo haijawahi kuwepo (1900 inagawanyika kwa 100 ila si kwa 400, so haukuwa mwaka mrefu), na ukiitafutia siku ya wiki inakupa bila aibu.

Saa hizi nina kolamu tatu, mwaka, mwezi, siku, kila kimoja namba yake, nasoti kwa mkono. Na kuhesabu siku kati ya tukio na tukio? Kalamu na karatasi, kama zamani zenyewe.