Imaji moja kwa klasta nzima: tunapata nini, tunahatarisha nini?

Lubumbashi umeme unakatika bila kuaga. Ukirudi, maabara yenye kompyuta 20 inakuta moja imegoma kuwaka, nyingine faili za mfumo zimeharibika, ya tatu ina programu ya toleo ambalo hakuna anayekumbuka nani aliliweka. Kwa mazingira hayo, hoja ya imaji moja (faili moja lenye mfumo endeshi na programu zake) inavutia: nodi, yaani kila kompyuta ya klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja), haitunzi mfumo endeshi kwenye diski. Ikiwashwa, kadi ya mtandao inaomba anwani kwa seva kuu, inapakua imaji na kuiendesha ndani ya RAM. Ndivyo ifanyavyo Warewulf, programu ya kusimamia klasta iliyoanzishwa na Greg Kurtzer mwaka 2001 katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani. Toleo la 4 linatumia hata imaji za kontena (programu iliyofungashwa pamoja na vyote inavyohitaji). Nodi ikiharibika kimfumo, unaiwasha upya, basi.

Wanaopinga husema afadhali kusakinisha kila diski na kusimamia yote kwa Ansible, programu inayosanidi mashine nyingi kutoka sehemu moja. Wana hoja. Piga hesabu: nodi 20 zikiwaka pamoja na kila moja kuvuta imaji ya gigabaiti 2, hizo ni gigabaiti 40, kwenye laini ya gigabiti 1 kwa sekunde ni zaidi ya dakika 5, na umeme ukikatika tena katikati, mnaanza upya. RAM nayo inapungua. Tena kumbukumbu za matukio, zile ambazo zingeeleza nodi ilianguka kwa nini, zinapotea nayo, isipokuwa zitumwe kwenye seva kuu.

Hofu ya kutegemea seva moja, kwamba ikizima hakuna nodi inayowaka, naiona imetiwa chumvi. Kuiwekea inverta seva hiyo na swichi yake ni rahisi kuliko kulinda mashine 20. Kwa imaji moja, vifurushi vya programu vinapakuliwa mara moja tu, na kwa bei ya intaneti yetu hilo si jambo dogo (ingawa Ansible nayo yaweza kupewa hazina ya ndani ya vifurushi hivyo).

Kinachonitisha ni imaji iliyorekebishwa kwa mkono mpaka hakuna ajuaye ndani kuna nini. Fundi akihama, mmebaki na faili msiloweza kulijenga upya. Kosa moja ndani yake pia linaenea klasta nzima kwenye uwashaji unaofuata. Kwa hiyo andikeni faili la maelekezo ya kuijenga, ijaribiwe kwenye nodi moja, ya zamani isifutwe. Mwenye mashine 4 tu, Ansible inamtosha.