Dagaa wa kula na dagaa wa kuku: hesabu ya nishati inayopotea njiani

Ukifika Soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, utakuta dagaa wa aina mbili: wa kula na wa kuku. Ni samaki yuleyule wa Ziwa Victoria, pengine wamevuliwa usiku mmoja wa giza kwa taa zilezile. Chukua kiganja cha kila aina. Wa kula wanang'aa kama fedha, wakavu, ukimvunja mmoja anakatika kwa mlio. Wa kuku wamefifia na kuingia umanjano, na ukiwarudisha guniani unabaki na mchanga kwenye mistari ya kiganja.

Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili, hasa upande wa Kenya wanakoitwa omena na Uganda wanakoitwa mukene, huishia kwenye vyakula vya mifugo. Wapo wanaosema huko ni kupoteza, kwamba samaki huyu aliwe na watu kwanza. Wafugaji wanawajibu kwamba hoja hiyo ni ya watu wasiowahi kufuga, wanaotaka yai libaki la wenye nazo na maskini aendelee na dagaa wake. Hapo ndipo hao wanaotaka dagaa waliwe na watu wanapoeleweka vibaya. Wanachokilinda si umaskini wa mtu yeyote, ni chakula ambacho jua limekwisha kukitengeneza na ambacho tunakichoma bila kuona moshi.

Mwaka 1942 ilichapishwa kazi ya Mmarekani Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota. Alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 26, kabla kazi yake haijatoka. Alichofanya ni kufuata nishati badala ya kuhesabu samaki: mimea imenasa kiasi gani cha jua, walaji wa mimea wamebakiza kiasi gani, wala nyama kiasi gani. Kutokana na kazi kama hiyo tukapata kanuni inayofundishwa shuleni, kwamba kila ngazi ya ulaji hupokea kama asilimia 10 tu ya nishati ya ngazi iliyo chini yake.

Hiyo 10 inanisumbua, kwa sababu pande zote mbili huitumia vibaya. Si sheria, ni wastani uliozungushwa. Lindeman mwenyewe alipata kama asilimia 13 kwa walaji wa mimea na 22 kwa wala nyama wa ziwa lake. Kwingine hupatikana 5. Kinachobaki kweli kila mahali ni mwelekeo: nishati inayotumika kuogelea, kupumua na kusaga chakula hugeuka joto, na joto hilo halimrudii kiumbe yeyote. Kinyesi na mizoga angalau huwafaa waozeshaji.

Sasa tuiweke ziwani. Mwani huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na sangara. Kwa wastani ule, kilo 1,000 za mwani zinatoa kilo 10 za dagaa, na hizo 10 zinatoa kilo 1 ya sangara. Anayekula dagaa amesimama ngazi moja chini ya anayekula sangara, na chungu chake ni kikubwa mara kumi. Tena dagaa hukaushwa na jua lilelile lililootesha mwani. Sangara ana mafuta mengi, hakauki vizuri kwa jua tupu, hivyo akitaka kutunzwa bila barafu anadai chumvi au moto, na moto unadai kuni.

Wafugaji wanayo hoja nzito hapa, nami naikubali: kuku wa bandani si samaki wa ziwani. Halishwi dagaa watupu. Anapewa pumba, mahindi na mashudu, dagaa wakichanganywa kidogo ili apate protini. Tupige hesabu. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku. Tuseme dagaa ni sehemu moja ya kumi, yaani gramu 12. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, kwa hiyo hapo kuna gramu 6 au 7. Na yai moja lina protini kiasi gani? Gramu 6 au 7.

Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilirudia, nikidhani nimekosea. Mfugaji anaweza kusema: unaona, dagaa wako wamerudi wote kama yai. Lakini itazame tena. Protini imerudi ileile, na kuirudisha tumetumia gramu 108 za vyakula vingine, yakiwemo mahindi ambayo yangetoka kwenye unga wa ugali. Na hiyo ni siku ambayo kuku ametaga. Kabla ya yai la kwanza alikula kama miezi mitano bila kutoa kitu. Kuku ana damu moto: usiku kucha, akiwa amelala kwenye kijiti chake, anachoma chakula ili mwili usipoe. Dagaa wa damu baridi hakuwa na gharama hiyo.

Kuna pia kilichopotea ambacho hakimo kwenye hesabu ya nishati. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, na kwenye mifupa ndiko iliko kalisi (kalsiamu). Kuku huielekeza kalisi yake kwenye ganda, na ganda tunalitupa. Mtoto anayeota meno amekosa kile ambacho samaki alikuwa amekibeba tayari.

Ya sato wa vizimbani ni mafupi na yananiuma zaidi. Huyu kwa asili hula mwani kwa sehemu kubwa, alikuwa ngazi ya chini kabisa ya walaji. Tumemweka kwenye wavu, tukampa chakula chenye unga wa dagaa, tukampandisha ngazi ambayo hakuiomba.

Hoja ya wafugaji iliyo ngumu kuliko zote ni ya mfukoni. Mvua ikinyesha siku mbili mwaloni, yaani ufukweni wanakoanikwa, dagaa wanaharibika, na kinamama waanikaji wasingekuwa na pa kuwapeleka kama mnunuzi wa chakula cha kuku asingekuwepo. Ni kweli, na anayetaka soko hilo lifungwe kesho anataka mtu mwingine alipe gharama. Ila mnunuzi huyu hajali mchanga. Ndiyo maana hakuna anayelazimika kujenga kichanja cha kuanikia. Dagaa wa kuku hawavuliwi ziwani, wanatengenezwa ufukweni, pale samaki mzima anapomwagwa juu ya mchanga na kukusanywa kwa fagio.

Kichanja ni miti, misumari na wavu uliochakaa, kinasimama usawa wa kiuno, na upepo unapita juu na chini. Mvua ikija unatandaza turubai. Kuku naye ana pengine pa kupatia protini: soya, mashudu ya alizeti, na funza wa nzi wanaofugwa kwa mabaki ya sokoni, ambao hula nishati ambayo ingeozea jalalani. Funza hao hakuna anayewagombea kwa ajili ya ugali.