Mfupa wa taya huandaliwa siku jino linapong'olewa

Mtu akitaka jino la kupandikiza, huuliza kwanza bei. Ningependa aulize kwanza habari ya mfupa: upo wa kutosha kushika skrubu ya titani inayowekwa badala ya mzizi, au umeshaondoka? Titani yenyewe haina tatizo. Mtafiti Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wake wa kwanza huko Uswidi mwaka 1965, na tangu hapo imejulikana kwamba mfupa hai huikumbatia. Kazi nyingi zinazoharibika huharibikia kwenye mfupa, na mfupa wenyewe huanza kuharibika siku ya kung'oa.

Hapo ndipo ninapogombana na mazoea yetu, hapa Dodoma na kwingineko. Jino likishatoka, mgonjwa anapewa pamba ang'ate na vidonge vya maumivu, basi, mambo yamekwisha. Miaka minne baadaye anarudi na hela yake mkononi, na ukingo wa taya umekonda kama makali ya jembe. Hakuna aliyemwambia kwamba lile tundu lilihitaji kutunzwa.

Sababu ni hii. Mfupa unaozunguka mzizi unaishi kwa ajili ya jino. Kati yake na mzizi kuna nyuzi zenye mishipa midogo ya damu, na jino likiondoka, nyuzi hizo huondoka nalo. Ukuta wa nje, unaotazama mdomo, hasa kwa meno ya mbele ya juu, mara nyingi haufiki hata milimita 1, kwa hiyo ndio unaokufa wa kwanza. Katika miezi 12 ukingo unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na takriban theluthi mbili ya hasara hiyo hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Kimo hupungua kidogo kuliko upana. Ndiyo maana mtu akijitazama kwenye kioo huona fizi imepona vizuri, asijue ndani kumebaki nini.

Sasa piga hesabu. Kipandikizi cha kawaida, yaani ile skrubu, kina kipenyo cha milimita 4 hivi. Upande wa ulimi kinataka mfupa wa milimita 1.5, na upande wa mdomo au shavu ni heri ufike 2. Hiyo ni zaidi ya milimita 7. Ukingo uliobaki na milimita 4 utapasuka, au skrubu itachungulia kupitia fizi baada ya muda.

Kwa hiyo siku ya kung'oa, daktari anayejua kwamba mgonjwa anataka kupandikiza baadaye hulichukulia jino tofauti. Gego lenye mizizi 2 au 3 hulikata kwanza, kila mzizi ukatoka peke yake. Huingiza kisu chembamba kati ya mzizi na mfupa na kukata nyuzi taratibu, badala ya kulipinda jino kwa koleo kuelekea shavuni mpaka ukuta uvunjike. Nyamanyama za ugonjwa zilizobaki chini ya tundu hukwanguliwa zote na tundu kuoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, maana kipande kidogo cha uchafu huo kikibaki, chochote utakachojaza juu yake kitaoza. Na ule ufundi wa zamani wa kubana kingo za tundu kwa vidole baada ya kung'oa, hapa uachwe kabisa. Unafinya kilekile tunachotaka kibaki.

Kisha tundu hujazwa chembechembe za mfupa, za ukubwa wa robo milimita hadi milimita 1. Kwa jino la mzizi mmoja nusu gramu mara nyingi inatosha. Zisishindiliwe kama mahindi kwenye gunia: mishipa mipya ya damu inahitaji nafasi ya kupita katikati yake. Juu hufunikwa kwa utando wa kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, na kushonwa. Baada ya hapo ni kusubiri miezi 4 hadi 6. Mfupa bado utapungua kidogo, ila utapungua kwa kiasi unachoweza kufanyia kazi. Kama kuta zote ni nzima na mgonjwa anarudi kupandikiza baada ya wiki 6 hadi 8, huenda chembechembe zisihitajike. Kama usaha unatiririka, safisha, tibu, umwite tena.

Chembechembe hizo zinatoka wapi? Nyingine ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliochukuliwa nyuma ya taya la chini au kidevuni. Nyingine ni za binadamu aliyejitolea, nyingine za ng'ombe zilizoondolewa kila kitu kikabaki madini tu, na nyingine hutengenezwa kiwandani kwa kalsiamu na fosfeti. Nasisitiza jambo moja ambalo mara nyingi hupitwa kimya: utando mwingi wa kolajeni unaofunika kidonda hutokana na nguruwe. Mji huu una Waislamu wengi, na Wasabato pia. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla ya ganzi, si baada. Upo utando wa ng'ombe, upo wa kutengenezwa, na upo ule unaotokana na damu ya mgonjwa mwenyewe ikizungushwa kwenye mashine mpaka itoe utando wa fibrini, protini inayogandisha damu. Huu wa damu husaidia kidonda kupona, lakini peke yake haushikilii nafasi ya mfupa kwa muda mrefu.

Kwa ambaye jino lilitoka zamani, mwanzo ni picha. Eksirei pana inayoonyesha mdomo mzima haitoshi: inatoa kimo, haitoi upana, tena inakuza vipimo. Picha ya CT ya taya ndiyo inayoonyesha ukingo ulivyokatwa vipandevipande, na mshipa wa fahamu wa taya la chini ulipo. Kati ya ncha ya skrubu na mshipa huo yaachwe angalau milimita 2, la sivyo mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi ya kudumu.

Magego ya juu yana shida yake, kwa sababu juu yake kuna sainasi, uwazi wenye hewa pembeni mwa pua, unaoshuka jino likitoka. Kimo cha mfupa kikiwa chini ya milimita 5, kwa kawaida hufunguliwa kidirisha pembeni, utando wa sainasi huinuliwa na chini yake hujazwa chembechembe. Kupona huchukua miezi 6 hadi 9. Hitilafu inayotokea zaidi ni utando huo kutoboka. Mgonjwa asipenge kamasi kwa wiki 2, na akipiga chafya afungue mdomo. Kwa vumbi na upepo wetu wa kiangazi, barakoa njiani si anasa, na mwenye mafua sugu atibiwe kwanza.

Kuongeza upana ndiko kunakoangusha wengi. Fizi hufunguliwa, chembechembe huwekwa, utando hubanwa kwa pini ndogo, kisha fizi inatakiwa ifunike mfupa ulionenepa kuliko awali. Kama daktari hakuilegeza kwa kukata ngozi ngumu ya ndani yake, itavutika na kufunguka baada ya wiki moja au mbili, na chembechembe zote zitamwagika. Sukari isiyodhibitiwa huleta jambo lilelile. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi 2 hadi 3, ikizidi asilimia 8 ningeahirisha. Sigara na ugoro pia, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya damu. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, aseme mapema.

Wapo pia wanaotaka kung'oa meno ya mbele yenye rangi ya kahawia iliyoletwa na floraidi ya maji, kama tunavyoona kwa waliokulia Singida, ili wapandikize meupe. Siafiki kabisa. Rangi hufunikwa. Mizizi ile inashikilia mfupa ambao hakuna chembechembe itakayouiga.

Treni ya mwendokasi imewarahisishia watu kufuata matibabu Dar es Salaam. Kwa picha na vipimo ni sawa, lakini kabla ya upasuaji panga nani atakagua kidonda huku na kutoa nyuzi za mshono siku ya 10 hadi 14. Anayetoka Kondoa au Mpwapwa apange vivyo hivyo. Wiki za mwanzo ale uji uliopoa, au ugali laini na mlenda upande usio na kidonda. Karanga na bisi zisubiri.

Halafu kuna jino la bandia la kuvua, ambalo wengi hulirudisha mdomoni jioni ileile kwa aibu ya pengo. Likigusa kidonda, linakandamiza mfupa mpya kila unapotafuna, na fizi inachanika. Likae nje kwa wiki 2 au 3. Kama ni la mbele na kazi yako ni ya kuonana na watu, mwombe daktari alichonge kwa ndani mpaka lisiguse kabisa, ulivae kwa kuongea tu na ulitoe kabla ya kula na kulala.